Muulize fundi wa matanga: mashua imelala, kiangazi kiko mlangoni

Mvua za mwezi wa tano zikianza kuchoka hapa Bukavu, simu yangu haipumziki. Upepo wa kusini-mashariki unakaribia, na kila mwenye mashua ya tanga iliyofunikwa turubai kwenye kiwanja chake anakumbuka ghafla kwamba anayo. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mshonaji. Nashona mahema ya harusi, maturubai ya malori, na matanga. Mambo ya vyombo nilifundishwa na baba mkwe, aliyetunza mashua za watu hapa La Botte mpaka magoti yakamkatalia. Injini si kazi yangu, mtaliona hilo mbele.

*Mama fundi, jambo sana. Nimenunua mashua ya tanga ya fiberi (plastiki yenye nyuzi za kioo), urefu mita 6 na nusu, kwa familia moja iliyohama. Imekaa juu ya magogo huku Muhumba kwa miaka, chini ya turubai. Tayari nina rangi ya bluu na nyeupe, na vijana wawili wa kupiga msasa wananingoja. Nataka iguse maji mwezi wa sita. Nianze kupaka chini au juu? — Papa wa Muhumba, Bukavu*

Papa, rangi ifungie stoo, na wale vijana waambie wakusubiri kidogo.

Najua rangi inavuta. Ukipaka leo, jioni wewe unaona kazi na majirani wanaona kazi. Lakini rangi haishikilii mlingoti. Mlingoti unashikiliwa na kebo chache, na kila kebo inaishia kwenye kijipini cha inoksi, chuma kinachostahimili kutu, ambacho kikianguka kwenye majani hukioni tena. Mlingoti ukidondoka kati ya Idjwi na Kalehe siku ya upepo, bluu yako haitakufaa kitu. Halafu kuna sababu ya pili, ya kawaida kabisa: kebo ya inoksi ya nyuzi 19 haiuzwi soko la Kadutu. Itaagizwa, itapita mipaka, itakaa njiani wiki kadhaa. Ukianza na rangi, utagundua kwamba kebo imekufa wakati mashua inang'aa na kiangazi kinakwenda zake.

Kwa hiyo laza mlingoti juu ya vigoda, weka vipande vya tairi chini yake usikwaruzike. Kila kitu unachofungua, kipige picha kwanza na ukifungie kitambaa chenye jina. Chukua pamba ya hospitali, izungushe kwenye kebo, tembea nayo taratibu kutoka mwisho huu hadi ule. Pamba ikinasa, simama: kuna uzi umekatika. Usijaribu kwa kidole kitupu, utachanika.

Mahali pabaya si katikati, ni chini, pale kebo inapoingia kwenye bomba lake dogo la chuma. Maji ya mvua yanateremka na kebo na kukaa humo. Safisha kwa mswaki, kausha, toka nayo juani uangalie kwa kioo cha kukuza. Ukiona ufa mwembamba unaofuata urefu wa bomba, au kutu ya kahawia inayorudi kila ukiifuta, kebo hiyo imekwisha. Uzi mmoja ukikatika kati ya 19, vivyo hivyo, imekwisha. Na ukibadilisha ya kulia, badilisha na ya kushoto. Zilizaliwa siku moja. Tafadhali usiniletee habari za kebo ya pikipiki. Nimeikuta kwenye mashua ya mtu mzima, mwenye watoto, imekazwa kwa vibanio vya waya wa kuanikia nguo.

Skrubu za kukazia kebo zifungue zote mpaka mwisho, zioshe kwa petroli, zipake grisi, zirudishe. Isiyozunguka kwa mkono leo haitazunguka siku utakapoihitaji. Vijipini vinavyokunjwa miguu, nunua vipya vyote. Bei yake ni ndogo kuliko sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na kile cha zamani kikinyooshwa mara mbili kinakatika.

Sasa shuka kwenye sitaha, pale kebo zinaposhikwa na vipande vya chuma vinavyopita hadi ndani. Hapo ndipo mashua za fiberi zinapooza bila kusema. Gundi ya kuzuia maji inakauka kwa jua, mvua inapenya, na ndani kuna mbao ya plaiwudi inayokunywa pole pole. Ingia kwenye kabini, piga-piga ukutani kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Ukisikia kimya, choma kwa ncha ya msumari. Msumari ukizama bila kubishana, hapo hakuna mlingoti utakaosimamishwa mpaka mbao ikatwe na kuwekwa mpya. Mpe seremala anayejua epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, asiwe wa kabati.

Chini ya maji kuna robine, yaani koki za kupitisha maji tumboni mwa mashua: ya sinki, ya choo kama kipo, ya injini kama iko ndani. Kila moja ifungue na kuifunga. Ikikwama usiipige nyundo, iwekee mafuta ulale, asubuhi ujaribu tena. Halafu ikwaruze kidogo kwa kisu. Shaba nzuri inang'aa njano. Ukiona rangi ya waridi, zinki imetoka ndani ya chuma na robine itavunjika mkononi kama si leo basi kesho. Mpira wake ufungwe kwa vibanio viwili, si kimoja. Na kando ya kila robine ning'iniza kwa kamba kizibo cha mti laini kilichochongwa kwa kipimo cha tundu. Baba mkwe hakuwahi kukubali mashua ishuke bila vizibo hivyo, na mteja akibisha alikuwa anaondoka na kwenda kunywa chai.

Tumbo la mashua lipapase kwa kiganja, macho yamefumbwa. Unatafuta malengelenge. Watu wanadhani maji yetu matamu hayana madhara kwa fiberi, kumbe malengelenge yanakuja haraka zaidi katika maji ya ziwa kuliko ya bahari, na maji yenye joto kama ya Kivu yanayaharakisha zaidi. Lengelenge likichomwa linatoa majimaji yenye harufu ya siki. Vaa miwani kabla ya kuchoma, yanaruka. Kama ni machache, yafungue, yasugue, yaoshe kwa maji safi mara nyingi, yaache yakauke kiangazi kianze kufanya kazi yake, kisha jaza kwa epoksi. Mashua yako imekaa nchi kavu muda mrefu, hiyo ni bahati yako. Kama ni mamia, niandikie tena, tutazungumza bila kuharakisha mwezi wa sita.

Ndipo rangi. Ile rangi nzito ya sumu ya shaba wanayopaka baharini achana nayo. Kivu haina vile viumbe vyenye magamba vinavyong'ang'ania vyombo vya bahari. Sisi tunapata utelezi wa kijani tu, unatoka kwa sponji. Na maji haya watu wanayateka, wanayaoga, wanapikia. Paka rangi ya kawaida ya mashua. Bluu na nyeupe zinapendeza, sikatai.

*Mama, mimi ni fundi cherehani soko la Kadutu. Nimeletewa tanga kubwa, mteja anataka lishonwe upya mistari yote. Mashine yangu ni ya kukanyaga, inashona mstari ulionyooka tu. Naogopa kuliharibu. Nitumie uzi gani? — Fundi kijana, Kadutu*

Mwanangu, kuogopa kwako kumenifurahisha. Waliokuja kwangu na matanga yaliyoharibika hawakuogopa.

Elewa kwanza kinachoua tanga. Si upepo, ni jua. Sisi tuko mita 1,460 juu ya bahari, karibu kabisa na ikweta, na jua la hapa linakula polyesta kuliko la Mombasa. Uzi unakufa kabla ya kitambaa, kwa sababu kitambaa cha tanga ni kigumu, uzi hauzami ndani yake. Unabaki juu, unapigwa na jua na kusuguliwa na kila kitu. Kwa hiyo tanga linaweza kuwa jeupe na gumu, linapendeza machoni, huku mshono wake umekuwa unga.

Jaribu hivi: kwaruza mshono kwa ukucha wa dole gumba, kwa nguvu, kama unayetoa nta iliyomwagika mezani. Uzi mzima hausikii. Uliokufa unakatika na kuacha vumbi jeupe chini ya ukucha. Anza juu kwenye ile pembe ya kupandishia, fuata ukingo wa nyuma wote, kisha pale tanga linaposugua mikono ya mlingoti. Sehemu za katikati mara nyingi ziko salama, na usimtoze mteja kwa kushona kisichohitaji kushonwa. Kisha shika kitambaa chenyewe karibu na ukingo, jaribu kukichana kwa vidole. Kikichanika, rudisha tanga kwa mwenyewe na umwambie ukweli. Hakuna mshono utakaoshika kitambaa kilichokufa.

Uzi: polyesta tupu, ule mnene unaouzwa kwa ajili ya viti vya magari na mabegi. Sokoni watakuapia kwa mama zao kwamba ni polyesta. Kata kipande, kiwashe. Polyesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Pamba inawaka na kuacha majivu. Muuzaji akikasirika, hama meza. Nailoni pia inayeyuka, lakini juani inachoka mapema na ikilowa inavutika, kwa hiyo soma lebo ya gurudumu la uzi kama ipo.

Mashine ya mstari inatosha. Mimi nina ya zigizaga kwa sababu mshono wa zigizaga unaachia kidogo tanga likivutika, lakini yako itafanya kazi ukifuata haya. Usifumue mshono wa zamani, hata kama umekufa. Ndio unaoshika vipande mahali pake. Shona mstari mmoja upande huu wa mshono wa zamani na mwingine upande ule. Hatua iwe ndefu, milimita 4 au 5. Najua wateja wa suruali wanapenda hatua ndogo. Hapa hatua ndogo inatoboa kitambaa mstari mzima, na siku ya upepo kinachanika hapo hapo. Sindano namba 110, na uibadilishe mara tu inapoanza kuruka hatua. Ile ya mashati itavunjika na kipande kitakurukia.

Shida yako kubwa haitakuwa mashine, itakuwa nafasi. Tanga lenye urefu wa mita 8 haligeuki chini ya mkono wa cherehani. Lifagilie sakafu safi, vua viatu, kunja tanga kutoka pande zote mbili kuelekea mshono unaoshona mpaka upate mizingo miwili, uifunge kwa vipande vya kamba, na umtafute mtu wa kukupokelea upande wa pili. Mimi nafanya kazi hiyo ukumbini kwa parokia, siku za wiki, kabla wanakwaya hawajaja kutufukuza.

Utakuta matundu ya panya, hiyo ni hakika. Panya wa Bukavu hawajali tanga limetoka Ubelgiji au wapi. Kiraka kikatwe kwenye tanga kuukuu la uzito uleule, nyuzi zake zikielekea upande uleule na za tanga. Usikate kwa mkasi. Pasha kisu juu ya mbabula, jiko la mkaa, kata kwa ncha ya moto, ukingo unajifunga wenyewe na haufumuki. Pembe za kiraka zizungushe, pembe kali inabanduka. Kibandike kwanza kwa gundi ya utepe wenye nata pande mbili, kishone kuzunguka, ndipo upande wa nyuma ukate kitambaa kilichooza kwa kisu hicho hicho cha moto.

Pembe tatu za tanga usizipeleke kwenye mashine, zina tabaka nyingi. Ni mkono, sindano nene, ngozi kwenye kiganja, na uzi uliovutwa kwenye nta ya nyuki. Hapo ndipo muda unapokwisha. Bei usiipange kwa mita kama hema; ipange kwa pembe.

Kabla ya yote, lioshe. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, brashi laini, suuza sana, anika kivulini. Madoa ya kuvu hayatoki yote, mwambie mteja mapema. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, usiiweke: kuna sehemu za nailoni kwenye tanga, itazimaliza.

*Fundi, salamu toka Goma. Mashua yetu ndogo iko karibu na ziwa upande wa Kyeshero, tumeiweka ndani ya bonde la mawe ya volkano ili isionekane na barabara. Vijana wanaosugua tumbo lake asubuhi wanasema kichwa kinawauma na pumzi inakuwa fupi. Jirani anasema tuwashe mshumaa, ukizima ndiyo tutoke. Pia tunaogopa nanga: je, haiwezi kuamsha gesi ya ziwa? — Ndugu wawili, Goma*

Ndugu zangu, waondoeni vijana humo leo, si kesho. Nyinyi watu wa Goma mnajua mazuku kuliko mimi. Ni gesi ya kaboni dioksidi: inatoka kwenye nyufa za mawe, ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni, na inakuwa nyingi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Mtu aliyelala chali chini ya mkuku wa mashua, ndani ya shimo, saa moja asubuhi, ndiye wa kwanza kuipata.

Mshumaa hautoshi. Unazimika hewa ya oksijeni ikipungua sana, lakini gesi hii inamdhuru mtu kabla ya hapo. Ikifika sehemu 10 kwa 100 ya hewa mnayovuta, mtu anapoteza fahamu kwa dakika chache, na mshumaa unaweza kuwa bado unawaka. Kwa hiyo msitafute namna ya kupima, hamisheni mashua. Watu wanane na magogo ya mviringo, au winchi ya mkono, mpaka mahali palipoinuka na upepo unapita. Na kama mtu ameanguka shimoni, anayeruka kumchukua bila kufikiri anaanguka juu yake. Kamba na kuvuta kutoka juu. Na kabini nayo mtu asilale ndani wakati mashua iko bondeni, hata mlinzi.

Gesi ya ziwani ni habari nyingine. Iko nyingi kweli, kaboni na metani, lakini imeyeyuka kwenye maji ya chini kabisa na inashikwa huko na uzito wa maji ya juu. Wenzetu wa Kibuye, upande wa Rwanda, wanaichota kwa mabomba yanayoshuka zaidi ya mita 300. Nanga yenu yenye kamba ya mita 50 haiisumbui. Cha kuogopa kwenu ni mawe ya lava yenyewe: yanakata kamba. Lava ya mwaka 2002 iliyopita katikati ya mji na kuingia ziwani ina makali chini ya maji kama ilivyo nchi kavu. Wekeni mnyororo mita chache kati ya nanga na kamba, na kamba ndogo ya pili kichwani mwa nanga yenye boya, ili ikinasa muivute kwa nyuma. Na pimeni kina kabla ya kutupa, maana ukingo wetu unatelemka ghafla: mita chache kutoka ufukweni tayari kamba haifiki.

*Mama, injini yetu ndogo ya nyuma, nguvu 15, imekaa miaka 3. Je, tuiwashe tu? — Wa Nyawera*

Msiiwashe. Mpelekeeni fundi wa injini za boti, yule wa pikipiki hapana. Mwambieni abadilishe pangaboi dogo la mpira la pampu ya maji hata kama linaonekana zima, aoshe kabureta, aweke plagi mpya, na afungue mafuta ya gia ya chini. Yakitoka meupe mithili ya maziwa, maji yameingia na mpira wa kuzuia umekufa. Petroli ya zamani mwageni, msiichanganye na mpya. Ile ya kwa kadhafi, muuza petroli wa barabarani, iwekeni kwanza kwenye chupa nyeupe ikae: maji yanalala chini, mtayaona kwa macho. Msilaumu injini ikikosa nguvu. Kwenye mwinuko wetu inapoteza kiasi cha asilimia 15, kila injini ya petroli isiyo na tabo (turbo ya kusukuma hewa) iko hivyo. Na chujio la maji liangaliwe kila mnapotoka, maana plastiki zote tunazotupa mferejini zinapita kwenye ghuba zikielekea kuziba Ruzizi, na injini yenu iko njiani.

*Mama mpendwa, baba yangu ana umri wa miaka 71. Anataka kurudi ziwani na mashua yake ya tanga, peke yake, bila jile ya kuokolea maisha, kwa sababu anasema anajua kuogelea tangu utoto. Nimwambieje? — Binti wa Nguba*

Mwanangu, usimwambie kuhusu kuogelea, utapoteza. Mzee wa ziwa hasikii neno hilo kutoka kwa mtoto.

Mwezi wa 10 mwaka 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, huko Goma, watu wakiwa wanaiona kutoka ufukweni. Kati ya waliokufa wamo waliojua maji. Aliyegongwa kichwa haogelei. Kwenye mashua ya tanga kitu cha kumgonga kipo kila wakati, ule mti wa chini ya tanga, unaohama upande upepo ukibadilika. Mzee wa 71 anayeinama kufungua kamba ndiye anayekutana nao.

Fanya hivi. Mwambie wajukuu wanataka kwenda naye, na wewe huwaruhusu mpaka kila aliye ndani ya mashua amevaa, na nahodha akiwemo. Yeye atavaa kwa ajili yao. Jile zenyewe zikague: zile zilizokaa stoo, povu lake likibonyezwa lisiporudi, au likiwa linavunjika vipande, zitupe. Zilizobaki mvalishe mtu mzima na umwingize maji ya kifuani hapo ufukweni anyanyue miguu. Mikanda inayokatika, ikatike hapo. Kamba ya mapajani usiidharau. Bila hiyo jile inapanda masikioni na mtu anabaki chini.

Siku ya kwanza asivuke kwenda popote. Azunguke ghuba asubuhi, upepo ukiwa mdogo, na mtu mwingine ndani. Baada ya kurudi, kaza tena kebo za mlingoti, kwa sababu mpya zinalegea. Akiwa anakwenda na upepo wa wastani, kebo ya upande usiopigwa na upepo isiwe inayumba hovyo. Ikiyumba, zungusha skrubu pande zote mbili sawa. Adhuhuri ikipita na maji yakianza kuwa na meno, apunguze tanga mapema, kabla hajalazimika. Usiku asikae ziwani kabisa: wavuvi wa sambaza wamefunga mitumbwi yao mitatu mitatu kwa miti mirefu, nyavu zimening'inia, taa zao unaziona lakini ile miti huioni.

Majibu mafupi. Aliyeuliza kama turubai jeusi linafaa kufunikia mashua: linafaa, ila liinue kwa fito hewa ipite, la sivyo unafuga kuvu. Aliyeuliza kuhusu zinki za kukinga chuma: kwenye maji matamu zinki inajifunika ganda na kulala, agiza za alumini. Dada wa Panzi: ndiyo, kamba za nailoni za kufungia mbuzi zinafaa kufungia mashua bandarini, ila za kupandishia tanga hapana, zinavutika. Habari za karatasi za chombo nenda mwenyewe kwa komiseri wa ziwa, mimi sijibu ya ofisi.

Na wewe uliyenipigia mara mbili kuhusu lile tanga jeupe lililoanikwa kwenye uzio wangu Nyawera: haliuzwi. Ni la mteja, na bado hajalilipia.